UZI: Wazazi wa Mombasa wenye vijana wa mahitaji maalum, tusingoje mtoto afike 18 ndipo tuanze kuulizana atafanya nini

Mama wa Mtopanga

Asalaam aleikum wana jamvi, na wengine nyote habarini za jioni. Uzi wangu ni mrefu, naomba mnivumilie, hasa nyinyi wenye watoto wa miaka kumi na mbili hadi kumi na tano walio na ulemavu wa akili, usonji (autism), mtindio wa ubongo (cerebral palsy), Down syndrome, au kifafa kilichowarudisha nyuma.

Mimi ni mama wa binti wa miaka 17 mwenye ulemavu wa akili. Miaka yote hii nakutana na wazazi wenzangu kwenye foleni za kliniki, mikutano ya shule, kwenye feri, na naona jambo lile lile. Nguvu zetu twazimaliza mtoto akiwa mdogo. Twamtafutia tathmini, shule, mazoezi ya viungo, dawa, na dua hatuachi. Akishapata nafasi kwenye kitengo maalum twashusha pumzi. Halafu siku moja shule yasema amemaliza, mje mumchukue. Kijana ana ndevu sasa, arudi nyumbani akae kwenye kochi mbele ya televisheni, na yale aliyofunzwa kwa taabu yaanza kumtoka. Mama naye umri umekwenda, mgongo wauma, na hakuna aliyemwambia la kufanya kuanzia hapo.

Nasema hivi: kumtayarisha kijana awe mtu mzima kuanze akiwa na miaka 13 hivi, na kufanyike pale maisha yalipo. Dukani, jikoni, matatuni, msikitini au kanisani, kliniki. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni yetu sisi, kuacha kumfanyia kila kitu kwa huruma.

Kwanza mjue kinachobadilika kisheria. Katiba yetu ya 2010 yasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Akifika hapo, ulemavu au hakuna, yeye ni mtu mzima na anatakiwa kuwa na kitambulisho chake. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lake, hakuna M-Pesa, hakuna akaunti. Wazazi wengi hawashughuliki, wanasema "huyu kitambulisho cha nini?" Wakija kufa, kijana hana karatasi hata moja inayoonyesha yupo. Cheti cha kuzaliwa kama hana, kitafuteni leo, kwa sababu bila hicho kitambulisho ni safari ndefu. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu pia msiiache. Hiyo huanzia hospitali kubwa ya serikali, madaktari wanamkagua na kujaza ripoti, ndipo baraza lamsajili. Mtoto mdogo pia husajiliwa, hakuna haja ya kungoja.

Na ile Sheria ya Watoto ya 2022 inamruhusu mzazi kwenda mahakamani kuomba majukumu ya mzazi yaendelee hata baada ya miaka 18 ikiwa hali ya kijana yahitaji. Hii ni muhimu sana kwa akina mama waliotengana na baba wa mtoto. Kuna akina baba wanaohesabu siku zifike 18 waache kutoa matunzo.

Sasa nije kwa mambo ya nyumbani, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Pesa. Binti yangu hasomi, lakini macho yake ni mazuri na wanyama anawapenda. Sarafu zetu mpya zilizotoka 2018 zina wanyama: shilingi moja twiga, tano kifaru, kumi simba, ishirini ndovu. Tukaanzia hapo. Kazi ilikuwa sarafu za zamani zenye kichwa cha rais, ambazo bado zinazunguka. Hizo tumezifunza kwa vidole, anafumba macho na kupapasa ukingo na ukubwa. Noti tukaja nazo baadaye. Dukani namtuma kitu kimoja tu, kisha viwili, na pesa kamili bila chenji. Chenji ilikuja mwisho kabisa. Muuza duka nilimwendea mapema nikamwambia, "Bwana, huyu atakuja peke yake, ukimwona anasita usimjibie, mngoje." Huo wakati wa kumngoja ndio wenye maana. Watu wazuri mtaani wapo, lakini wengi huharakisha kusaidia, wakamnyang'anya nafasi ya kufikiri.

Kazi ya mikono. Anapika mahamri. Ukutani jikoni nimebandika picha nilizopiga kwa simu, kila hatua picha yake: unga, sukari, hiliki, hamira, tui. Kupima hutumia kikombe kimoja chekundu, hicho hicho kila siku, kwa hiyo hahesabu gramu. Kukanda anakanda vizuri kunishinda. Kuumua ndiko kulikomsumbua kwa sababu hajui saa, basi tukatia kengele ya simu. Mafuta ya moto bado nasimama naye karibu. Asubuhi jirani wananunua, na pesa zake zaingia kwenye mkebe wake mwenyewe, anaamua yeye anunue nini. Mara nyingi ni vibanio vya nywele, vingi kuliko nywele alizo nazo, na sisemi neno.

La tatu ni la wasichana. Hapa pwani msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke wa kumkalisha chini akamweleza mwili, usafi, wanaume, heshima. Binti mwenye ulemavu wa akili mara nyingi hapewi somo. Watu wazima wanasema haelewi. Na huyo ndiye anayehitaji zaidi kuliko wote, kwa sababu ndiye mbaya humlenga. Mimi nilimtafutia shangazi mwenye subira. Pedi tulianza kuzoea kabla damu haijaja, anaibandika, anatembea nayo, anaivua, anaifunga kwenye gazeti. Majina ya viungo vyote anayajua kama yalivyo, si majina ya mafumbo, kwa sababu akija kuumizwa lazima aweze kusema wapi. Anajua nani aruhusiwa kumsaidia bafuni, na anajua kupiga kelele "sitaki" hata kwa mtu mzima anayemheshimu. Hilo la mwisho lataka mazoezi, maana tumewafunza watoto wetu utiifu tangu wadogo.

Haya, nimesema mengi. Nawaomba walimu, wahudumu wa afya, na hasa vijana wenyewe, muongeze.

Baba Wawili_Magongo

Mama, ahsante. Wangu wa kiume ana 16, usonji, hasemi kabisa. Je, kitambulisho watampa mtu asiyesema? Kuna mtu kaniambia lazima ajibu maswali mwenyewe.

Mama wa Mtopanga

Kaka, anapewa. Kutosema hakumzuii Mkenya kuwa na kitambulisho. Nenda naye na cheti chake cha kuzaliwa na vitambulisho vyenu wazazi. Kama ana kadi ya baraza, ichukue. La kujitayarisha ni alama za vidole na picha. Kwa kijana wa usonji kushikwa vidole na mtu asiyemjua ni shida. Zoezeni nyumbani wiki kadhaa kabla, chovya kidole rangi, bonyeza kwenye karatasi, mpe anachokipenda. Picha vilevile, akae kwenye kiti atazame mbele. Nenda asubuhi mapema kabla pale mahali hapajajaa kelele.

Mwalimu wa Kitengo

Nafundisha kitengo maalum katika shule ya msingi ya umma, kisiwani. Mama wa Mtopanga amegusa mengi ambayo sisi walimu tunayapigania. Niongeze upande wa shule.

Mtaala wa sasa una njia maalum kwa wanafunzi wasioweza kufuata madarasa ya kawaida. Hauendi kwa gredi, unakwenda kwa ngazi: ya msingi, ya kati, ya kujiandaa kwa ufundi, kisha ya ufundi wenyewe. Mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe yuko ngazi gani na anafunzwa nini humo. Ukiambiwa "yuko tu darasani," usiridhike. Omba mpango wake wa kibinafsi wa masomo, uusome, na useme unataka nini kiingizwe. Wengi wenu hamuji mikutanoni, au mnakuja mnauliza tu kama anakula vizuri. Mwambie mwalimu, "Muhula huu nataka ajifunze kuvuka barabara," na mwalimu atakuwa na pa kuanzia.

Sasa mbinu moja niliyoiona ikifanya kazi kuliko nyingi. Ukimfunza kijana jambo lenye hatua nyingi, anza na hatua ya mwisho. Tuseme kuvaa shati. Mvalishe, funga vifungo vyote, ubakishe kimoja tu cha mwisho afunge yeye. Amemaliza, amevaa, mpongeze. Akikiweza, bakisha viwili. Hivyo kila siku anaishia kwenye ushindi. Ukianza na hatua ya kwanza anachoka katikati, unammalizia, na anachojifunza ni kwamba mama atamalizia. Kuoga, kutandika kitanda, kupanga vyombo, hata kupanda matatu, yote yaendeka kwa njia hii. Tuliwahi kumfunza kijana safari ya Buxton hadi Kongowea kwa kuanzia kituo cha kushukia. Tulisafiri naye, tukamwachia kazi moja, kusema "shukisha" pale penye alama anayoijua. Makanga wa njia ile wakamzoea.

Baada ya shule ziko njia, ingawa ni chache. Serikali ina vituo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, na cha karibu nasi ni Bura, Taita Taveta. Karen jijini Nairobi kuna chuo cha ufundi cha viziwi, na Machakos cha wasioona. Vyuo vya kawaida vya ufundi vya kaunti pia havina ruhusa ya kumkataa kijana kwa sababu ya ulemavu. Sera ya elimu kwa wanafunzi wenye ulemavu ya 2018 inataka wasome pamoja na wengine pale inapowezekana, na inawataja hadi wa vyuo. Na fundi aliyejifunza kwa mikono bila darasa anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ambao una sehemu kubwa ya vitendo, akapata cheti cha daraja la tatu, la pili au la kwanza.

Bibi_Kibokoni

Wanangu, nawasoma na nawaheshimu. Lakini mimi namlea mjukuu, msichana wa miaka 15, mamake ametangulia mbele ya haki. Mji huu si ule wetu wa zamani. Zamani nilimtuma mtoto kutoka Kibokoni hadi Marikiti na kila mlango ulimjua ni wa nani. Leo mumtume mtoto asiyejua kujitetea kwenye tuktuk na matatu? Mimi nasema bora akae nami nyumbani, ale, avae, asome juzuu zake, awe salama. Kujitegemea kwa nini wakati sisi tupo?

Mama wa Mtopanga

Bibi, shikamoo. Wasiwasi wako naujua na hauna makosa. Lakini naomba uniruhusu maneno mawili.

La kwanza, hatari nyingi za mabinti wetu hazitoki kwenye matatu. Hutoka kwa mtu anayeingia nyumbani, jirani, jamaa, mwenye kuaminika. Binti aliyefungiwa hajui watu, hajui tofauti ya mguso, na hana mtu wa pili wa kumwambia. Binti anayejulikana na muuza duka, maalim, fundi cherahani na majirani, akikosekana siku moja wataulizana. Kujulikana kwake ni ulinzi.

La pili, Bibi, samahani nikilisema. "Sisi tupo" ndiyo jibu letu sote, na Mungu awape umri mrefu. Je, tusipokuwepo? Ndiyo sababu sitaki siku hiyo iwe siku yake ya kwanza kuoga mwenyewe.

Na sisemi umtume Kongowea kesho. Anza hapo hapo Kibokoni, mlango wa tatu, nyumba ya mwanamke unayemwamini, apeleke sahani arudi. Wewe simama barazani umtazame.

Bibi_Kibokoni

Marahaba mwanangu. La sahani naweza. La matatu bado silikubali.

Nesi_Tudor

Nafurahi Mama kaleta mambo ya mwili waziwazi. Nizungumze ya kliniki, kwa sababu kijana akibalehe dawa na mahitaji yake hubadilika na wazazi hawaambiwi.

Wenye kifafa. Kijana akiongezeka uzito haraka, kipimo cha dawa cha zamani huenda hakimtoshi tena, degedege zikarudi, na watu wakadhani ni jini. Mrudisheni kliniki. Kwa wasichana kuna dawa moja ya kifafa, valproate, inayojulikana kudhuru mimba. Mtoto akizaliwa anaweza kuwa na kasoro za maumbile na matatizo ya akili. Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasianzishiwe hiyo ikiwa kuna nyingine inayofaa. Kama binti yako anaitumia, MSIIKATISHE wenyewe, kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege zisizokoma na kumwua. Nenda ukamwulize daktari kama kuna dawa ya kubadilishia.

Wenye Down syndrome. Tezi ya shingo iangaliwe kwa kipimo cha damu mara kwa mara. Kijana akianza kuwa mzito, mvivu, analala sana, watu husema ni tabia ya hali yake. Huenda ni tezi, na dawa ipo.

Kliniki ya watoto itamtoa kabla hata hajafika 18. Tengeneza daftari moja: jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, mzio, matibabu aliyofanyiwa, namna anavyoonyesha maumivu. Hilo la mwisho liandike kwa urefu. Daktari wa watu wazima hamjui, na kijana asiyesema hawezi kujieleza. Mmoja akiumwa tumbo huimba kwa sauti ya juu. Mama yake ndiye aliyejua, na sasa limo kwenye daftari. SHA, bima ya afya ya serikali, nayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hakikisheni jina la kijana limo kwenye usajili wa familia.

Sasa jambo zito. Wazazi wanakuja kwangu wakitaka binti achomwe sindano ya kuzuia mimba, na wengine wanauliza kama kizazi kinaweza kutolewa kabisa. Naelewa hofu yao. Lakini sindano huzuia mimba tu. Haizuii kuguswa wala maradhi, na mbaya akijua hakutakuwa na mimba hana cha kuogopa. Na kuondoa uwezo wake wa kuzaa bila ridhaa yake ni kinyume na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008. Binti aelezwe kwa picha, kwa maneno mafupi, mara nyingi, naye asikizwe.

Na likitokea lile tusiloliombea, akabakwa: hospitalini ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia HIV hazifanyi kazi baada ya hapo. Asioge. Nguo zake zitieni kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Simu za bure ni 116 kwa watoto na 1195 kwa wote.

Ngozi na Nyuzi

Mimi nina mtindio wa ubongo, nina miaka 31, ni fundi wa viatu na mikoba ya ngozi. Mikono yangu hutetemeka na maneno yangu hutoka polepole, lakini kuandika naandika. Mwalimu na Mama wameomba vijana wenyewe waseme, basi nasema.

Nilipokuwa na miaka 14 watu walimwuliza mama yangu, mimi nikiwa nimekaa pale pale, "Huyu anakunywa chai na sukari?" Tafadhali nyote mnaosoma, mwulizeni mwenyewe. Akichelewa kujibu, ngojeni. Hata asiyesema huonyesha kwa macho au kwa mkono. Mtu ambaye hajawahi kuulizwa chai ataulizwaje kuhusu kazi au ndoa?

Ndiyo, ndoa. Hamjaitaja popote. Sisi tunapenda kama nyinyi. Nimeoa, nina mtoto.

Kuhusu kazi. Mombasa ina historia nzuri katika hili. Karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969 na sasa ziko chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo. Watu wenye ulemavu wa viungo wametengeneza pale vito, mikoba, vitambaa, vinyago, hata viti vya magurudumu, wakalipwa na kulea familia. Wengi wa mafundi walionifunza walipitia huko. Wenye ulemavu wa akili sijawaonea mahali kama pale hapa mjini, na hilo laniuma. Ningependa wazazi wa uzi huu wakutane wafikirie hilo.

Pia mjue: mwenye kadi ya baraza aliye na kazi ya mshahara anaweza kuomba cheti cha msamaha wa kodi cha KRA, mamlaka ya kodi, na shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Kwa fundi kama mimi, baraza lina mfuko wa kusaidia vifaa vya kazi na karo. Zabuni za serikali asilimia 30 zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, vikundi vyenu vinaweza kujisajili. Katiba nayo, kifungu cha 54, yataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ziwe zetu, hatua kwa hatua.

Mama Likoni

Nimesoma tangu mwanzo hadi hapa na nimelia. Sijakasirika, lakini niseme ukweli wangu. Uzi huu ni wa wenye watoto wanaoweza. Wangu ana miaka 17, mtindio mkali, hatembei, hasemi, anavaa nepi, namlisha kwa kijiko. Ana kilo karibu sawa na zangu. Kuvuka feri naye kwenda kliniki ni vita. Mwanangu hatapika mahamri. Hatahesabu simba na ndovu. Je, utu uzima wake ni upi?

Mama wa Mtopanga

Dadangu, umeuliza swali ambalo uzi ulipaswa kulibeba tangu juu. Najibu nionavyo.

Utu uzima wake ni kuwa anaheshimiwa kama kijana wa miaka 17. Asivuliwe nguo mbele ya wageni, pazia liwekwe. Aongeleshwe kwa sauti ya kijana na si ya kitoto. Apewe kuchagua: shati hili au lile, unamwonyesha yote mawili, unangoja macho yaelekee wapi. Nyimbo anazopenda yeye. Akae barazani jioni na vijana wenzake wa mtaa badala ya chumbani. Uamuzi wa macho tu ni uamuzi.

Halafu na wewe. Mgongo wako ndio gari lake. Omba mtaalamu wa viungo akufunze kumwinua, na kumsogeza kitandani kwa shuka la kuteleza, na asiwe wewe pekee unayejua. Watu wawili zaidi wajue kumlisha akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, asipaliwe. Tayarisha watu hao mapema, kama vile sisi tunavyowatayarisha watoto.

Pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali, za walio na ulemavu mkali ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Hazitoshi, lakini ni haki. Uandikishaji hutegemea nafasi zinapofunguliwa, kwa hiyo jina lake liwe kwa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii, na uulize mara kwa mara.

Kaka Mkubwa_Mikindani

Mimi ni kaka. Hakuna anayetuuliza sisi ndugu. Wazazi wangu kila Idi wanasema mbele za watu, "Huyu ndiye atakayemwangalia mdogo wake." Nampenda mdogo wangu na nitafanya. Lakini hakuna aliyenionyesha dawa zake ziko wapi, wala pesa zake zitatoka wapi. Mke wangu mtarajiwa naye hajaulizwa. Wazazi, kaeni nasi kikao kimoja, mseme kila kitu, na kila ndugu aseme anachoweza. Mwingine anaweza pesa, mwingine siku za Jumapili.

Na urithi je? Baba ana nyumba ya Swahili, anataka imwendee mdogo wetu.

Karani wa Zamani

Nimefanya kazi za mahakama miaka mingi, najibu kwa Waislamu kwanza. Baba hawezi kumwandikia mrithi wasia wa kumzidishia fungu isipokuwa warithi wengine waridhie, na wasia wenyewe hauzidi theluthi. Lakini akiwa hai na mzima anaweza kumpa hiba, yaani zawadi, au kuifanya nyumba wakfu, yaani mali iliyotengwa isiuzwe wala kurithiwa, kwa manufaa ya kijana na vizazi. Kamisheni ya Wakfu iko hapa hapa Mombasa. Kuhusu kushika mali, Suratun Nisaa aya ya tano na ya sita zimeeleza: mali isiachwe mikononi mwa asiyeweza kuisimamia, lakini alishwe na kuvishwa humo na asemezwe kwa wema. Na mayatima wajaribiwe kwanza, wakionekana na busara wakabidhiwe. Wajaribiwe, yaani wapewe kidogo wajizoeze. Mama wa Mtopanga na mkebe wake yuko ndani ya aya. Muoneni kadhi kabla ya mzee kuzeeka zaidi, ndugu wote wakiwepo.

Wasio Waislamu, wasia wa kawaida unaweza kuteua wadhamini wa kushika mali kwa niaba ya kijana. Asiye na wasia, mahakama itaamua, na hapo ndipo ndugu hugombana. Msikimbilie kumtangaza kijana hana akili timamu ili mpate kusaini kwa niaba yake. Tangazo la namna hiyo laweza kumgharimu hata haki ya kupiga kura. Kama anaelewa akielezwa taratibu, msaidieni aamue na asaini mwenyewe.

Mama Likoni

Kaka wa Mikindani, umeniamsha. Mwanangu ana dada wa miaka 20 na binamu wawili hapo Mtongwe. Jumamosi nawaita. Nesi, daftari nimeanza, kurasa mbili za namna anavyoonyesha maumivu tayari. Mama wa Mtopanga, hilo shuka la kuteleza lauzwa wapi, au naweza kushona?

Mama wa Mtopanga

Unashona. Kitambaa cha mwavuli au cha hema, kile chepesi kinachoteleza, mita mbili, ushone pande mbili kiwe kama mfuko ulio wazi ncha zote mbili. Kitambaa kiteleze juu ya kitambaa chenyewe. Usimnyanyulie nalo, ni la kumsogeza kitandani na kumgeuza tu. Kumwinua kutoka kitandani hadi kitini ni mambo mengine, hapo mngoje mtaalamu akuonyeshe. Nitumie ujumbe nikupe vipimo nilivyopewa kliniki.